Samaki Mgeni katika Ziwa Nyasa: Dhamana ya Anayemhamisha Kiumbe

Mnamo mwaka 2013 kundi la wataalamu, wakiwamo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), ambayo ina kituo chake huko Kyela, lilitoa taarifa ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana ndogo. Katika bonde la Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini ulio ndani ya nchi yetu, walikuta perege wa aina mbili ambao asili yao si bonde hilo. Mmoja ni sato, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oreochromis niloticus. Wa pili hana jina lililoenea katika Kiswahili. Wataalamu humwita Oreochromis leucostictus, nasi katika makala haya tutamwita perege wa madoa meupe. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuzaana na kufanya makazi. Hawakuletwa na watu wenye nia mbaya. Yaelekea waliletwa na watu waliotaka kitoweo, wakawapandikiza katika mabwawa ya kuchimba na katika maziwa madogo ya asili.

Mwanafunzi aweza kuuliza: samaki kuongezeka katika maji kuna ubaya gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linahitaji kwanza tulifahamu ziwa lenyewe.

Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia mita 700 hivi. Hata hivyo, chini ya mita 200 na ushei maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote huishi katika tabaka la juu. Katika tabaka hilo mna aina nyingi za samaki kuliko katika ziwa lingine lolote duniani. Makadirio ya wataalamu hufika aina 800 na zaidi, na nyingi mno kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote. Mvuvi wa Itungi au Matema huwafahamu wale wanaomlisha: mbasa, ambaye wakati wa mvua huipanda mito kwenda kutaga mayai, usipa, ambao huanikwa mchangani, magege, ndio perege wa ziwa hili, na kambare. Lakini sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni visamaki vidogo vya rangi za kupendeza vikaavyo penye miamba. Upande wa Malawi huitwa mbuna, na jina hilo limeenea duniani kote.

Mtu akitoka uwanda wa Kyela, wenye mchanga, matope na matete, akafuata ufuko kuelekea mashariki kupita Matema hadi Ikombe chini ya Milima ya Livingstone, huona ufuko ukibadilika na kuwa majabali. Chini ya maji hali ni hiyo hiyo: rundo la miamba, kisha mchanga, kisha miamba tena. Mbuna aliyezoea kula mwani juu ya mawe haondoki kwa urahisi kuvuka mchanga mtupu au kina kirefu. Matokeo yake ni kwamba kila jabali limekuwa kama kisiwa, na wakazi wake wamejitenga kwa vizazi vingi hata wakawa na rangi zao. Jike humtambua dume wa aina yake hasa kwa rangi hiyo, na baada ya kutaga hubeba mayai na watoto kinywani mwake. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mfano mwingine uko juu kidogo, katika Wilaya ya Rungwe. Ziwa Masoko, liitwalo pia Kisiba, ni kasoko ya volkeno iliyojaa maji, upana wake haufiki kilomita moja. Wengi hulijua kwa masimulizi ya mali ya Wajerumani inayosemekana kutoswa humo. Mwaka 2015 wataalamu walieleza mali ya namna nyingine: samaki mmoja mdogo, Astatotilapia calliptera, ameanza kugawanyika humo kuwa makundi mawili, moja la rangi ya manjano karibu na ufuko na lingine la buluu katika kina. Utengano huo umetokea katika muda mfupi sana kwa kipimo cha elimu ya viumbe. Ni mahali pachache duniani ambapo mwanafunzi anaweza kusimama juu ya ukingo na kusema kwamba chini yake aina mpya inaanza kutokea. Ziwa la namna hiyo ni kama bakuli; akitiwa humo mgeni mwenye nguvu, mwenyeji hana pa kukimbilia.

Sasa tuwaangalie hao wageni. Neno "mgeni" linahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu sato ni samaki wa Tanzania. Katika Ziwa Tanganyika yeye ni mwenyeji tangu kale. Ziwa Viktoria alitiwa katika miaka ya 1950, na leo wengi hudhani kwamba ni samaki wa huko. Katika Nyasa si mwenyeji hata kidogo. Mpaka wa nchi huchorwa na watu. Mpaka wa samaki ni kingo za bonde, yaani pale maji ya mvua yanapogawanyika, haya yakienda ziwa hili na yale yakienda lile. Kumchukua samaki kutoka Kigoma na kumpeleka Kyela ni kumvusha mpaka mkubwa kuliko kuvuka Mto Songwe kutoka Tanzania kwenda Malawi, ambako samaki wa mto huo huvuka kila siku bila kuomba ruhusa.

Kosa hili la kuhesabu uenyeji kwa taifa badala ya bonde limeenea nchini mwetu. Baina ya mwaka 2011 na 2017 watafiti walikagua maji ya bara ya Tanzania na kupata perege wa jamii ya Oreochromis katika vituo 123. Walihesabu perege wa namna 14 waliobaki katika maji ya asili yao, na aina tatu zilizoenea nje ya kwao. Katika hizo tatu, ni perege wa madoa meupe peke yake aliyetoka nje ya nchi, kwani asili yake ni maziwa ya Edward, George na Albert. Wengine wawili, sato na ngege, ni wa hapa hapa Tanzania, ila walihamishwa na watu. Mengi ya mambo haya yalianza katika miaka ya 1950, wakati mipango ya maendeleo ya uvuvi Afrika Mashariki ilipotegemea sana kupandikiza samaki, na kumbukumbu zake hazikuandikwa vizuri.

Njia ambayo samaki wa bwawani hufika ziwani haina siri. Uwanda wa Kyela uko chini, umezungukwa na milima, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kilele chake kikiwa karibu na Aprili. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kwa kasi kutoka nyanda za juu, ikifika uwandani hupunguza mwendo na kufurika juu ya mashamba ya mpunga. Bwawa la samaki lililochimbwa mahali kama hapo si chombo kilichofungwa. Kwa miezi tisa au kumi lina kingo; katika miezi iliyobaki laweza kuwa sehemu ya mto. Wala hawahitajiki samaki wengi. Perege jike huatamia kinywani, hivyo jike mmoja aliyechukuliwa na mafuriko akiwa na watoto kinywani ni ukoo mzima umesafiri.

Madhara ya mgeni ni ya namna kadhaa. Huweza kumla mwenyeji, au kugombania naye chakula na mahali pa kutagia, au kumletea magonjwa. Hayo hueleweka kwa urahisi. Lililo gumu kutambua, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi kwa perege, ni kuchanganyika kwa damu. Perege wa jamii moja huzaana wakikutanishwa, na watoto wao nao huzaa. Hakuna mizoga inayoelea, wala mvuvi hakosi samaki wavuni. Kinachotoweka ni aina yenyewe.

Ziwa Naivasha nchini Kenya limetoa ushahidi wa jambo hilo, na wahusika wake ni jirani zetu wa karibu. Mwaka 1925 alitiwa humo perege Oreochromis spilurus. Mwaka 1956 akaletwa mwingine, ambaye ni yule yule perege wa madoa meupe tunayemzungumzia. Wakazaana. Miaka kumi na mitano baadaye wataalamu waliandika habari za mahuluti yao, na yule wa kwanza hakuonekana tena katika hali yake ya asili. Pale Naivasha wote wawili walikuwa wageni, na pengine hasara haikuwa kubwa. Lakini Nyasa ina perege wake ambao dunia haina wengine: karongae, squamipinnis na lidole, ambao kwa jumla Wamalawi huwaita chambo. Damu yao ikichanganywa, hakuna mahali pa kwenda kuchukua mbegu nyingine.

Ni vyema ieleweke pia kwamba si kila pendekezo la kuleta mgeni Nyasa lilipita bila kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu wadudu ambao kila mkazi wa pwani hii amewaona: mawingu meusi yanayoinuka juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, kisha upepo ukayasukuma nchi kavu. Ni vijidudu visivyouma, jamii ya Chaoborus, ambavyo watu wa kando ya ziwa huvikusanya, wakaviponda na kufinyanga mkate wenye mafuta mengi uitwao kungu. Viluwiluwi vya wadudu hao huishi majini. Mchana hushuka katika maji yenye oksijeni haba ili samaki wasivifikie. Usiku hupanda kula vijiumbe vidogo vielea-maji. Baadhi ya wataalamu walifikiri hivi: chakula chote hicho kinapotea angani, basi na aletwe dagaa wa Ziwa Tanganyika, Limnothrissa miodon, ale wadudu hao na vijiumbe hivyo, watu nao wamle yeye.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Dagaa huyo alikuwa ametiwa Ziwa Kivu mwaka 1959, na huko, akiitwa sambaza, akawa kitoweo cha maelfu ya watu. Mwaka 1967 na 1968 alitiwa Kariba, akafanikiwa vilevile. Na kutoka Kariba alishuka mwenyewe na Mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa, ambako hakuna aliyemwalika. Wapinzani walijibu kwamba maziwa hayo mawili hayafanani na Nyasa. Kivu halikuwa na samaki wa maji ya katikati; nafasi ilikuwa tupu. Hata hivyo, hata huko vijiumbe vielea-maji vikubwa vilipungua, na mmoja wao, Daphnia, alitoweka. Nyasa lina usipa, tena lina samaki wengine wa maji ya wazi ambao hawajaonekana kwingine.

Mradi wa utafiti uliofanywa kwa pamoja na nchi za ziwa na Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipima vyakula vya samaki hao. Ulionyesha kwamba wale wadudu hawakuwa wakipotea bure: samaki wenyeji wa maji ya kina walikwisha kuwala kwa wingi. Dagaa wa Tanganyika hakuletwa. Huu ni mfano adimu katika historia ya maziwa yetu, ambapo upimaji ulitangulia upandikizaji.

Ziwa Viktoria halikupata bahati hiyo. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu ambaye kabla ya hapo alikuwa amewachunguza samaki wa miamba wa Nyasa huko Nkhata Bay, aliandika makala ya kuonya. Miaka ishirini ilipita kama kwamba hakuna kitu, na katika miaka ya 1980 sangara akafumka. Katika aina 500 hivi za furu, yapata 200 zinadhaniwa kutoweka. Hatusemi kwamba sangara hakuleta fedha. Viwanda vya minofu Mwanza na maelfu ya ajira ni ushahidi. Tunasema kwamba waliomtia hawakuwa na namna ya kumtoa, na kwamba kimya cha miaka ishirini hakikuwa dalili ya usalama.

Kuna kuhamisha kwa namna nyingine, ambako nia yake si chakula bali ni mapambo. Tangu miaka ya 1960 mbuna wa Nyasa wamekuwa wakikamatwa wakiwa hai na kupelekwa Ulaya, Marekani na kwingineko kuwekwa katika matangi ya kioo sebuleni. Kiumbe aliyefungiwa hana la kufanya ila kumtegemea aliyemfungia: kwa chakula, kwa hewa ya maji, na kwa nafasi ya kujificha, maana mbuna dume hulinda jabali lake kwa ukali na katika tangi jembamba huua wenzake. Lakini wajibu wa mwenye tangi unazidi hapo. Akichanganya mbuna wa majabali mbalimbali ambao porini wasingekutana kamwe, majike hukosa madume wa aina yao na kuzaa na waliopo. Watoto ni wazuri wa kutazama, ila si wa jabali lolote. Samaki hao hawapaswi kumwagwa katika maji yoyote ya nje, hata yale walikotoka wazazi wao.

Kwamba hata "ziwa lile lile" si kwao, kulithibitishwa na kisiwa cha Thumbi Magharibi, upande wa kusini wa ziwa, nchini Malawi. Katika shughuli za kuuza samaki wa mapambo, mbuna wa sehemu nyingine za ziwa waliachiwa huko, na aina zao zikaota mizizi. Mmoja, Cynotilapia afra, alienea kando ya kisiwa, na mwaka 1996 ilielezwa kwamba alikuwa amezaana na mbuna mwenyeji. Hapakuwa na mto uliovukwa wala mpaka wa nchi. Mashua ilisafiri ndani ya ziwa moja, basi.

Isidhaniwe kwamba kumfungia kiumbe ni kosa siku zote. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo lenye manyunyu ya maporomoko huko Udzungwa, wakati bwawa la umeme likiwa katika kujengwa. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Porini walitoweka, na mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba wamebaki kifungoni tu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena korongoni, ambako mabomba ya kunyunyiza maji yalikuwa yamefungwa. Hesabu yake mwalimu aiweke ubaoni: zaidi ya miaka kumi, mabara mawili, na maabara kadhaa, kwa ajili ya kurudisha kiumbe mmoja mahali pake. Kumtoa kulihitaji wiki chache tu.

Tukirudi Kyela, mfugaji wa samaki ana haki ya kuuliza: je, nile nini? Sato hukua upesi kuliko perege wengi, na mtu mwenye robo eka ya bwawa hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya elimu ya viumbe. Malawi, ambayo hunywa maji yale yale, kwa miaka mingi ilikataza sato katika mabwawa yake na kuhimiza perege wa huko kama vile Oreochromis shiranus. Wafugaji wake walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na ukweli, kwa sababu perege huyo huchelewa kukua. Dawa ya jambo hilo ni kuchagua mbegu bora za perege wenyeji kizazi baada ya kizazi, kazi iliyofanywa kwa sato kwa miongo mingi lakini kwao imefanywa kwa uchache. Tanzania nayo iliridhia mwaka 1996 Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi kuzuia kuingizwa kwa aina ngeni zinazohatarisha wenyeji.

Shule za Kyela, Rungwe na Ludewa zinaweza kufanya kazi ya kweli hapa. Sato hutambulika kwa mkia: una mistari myembamba ya wima iliyopangika vizuri tangu shina la mkia hadi ukingoni. Magege wa ziwa hawana mistari hiyo. Dume mkubwa wa perege wa madoa meupe ni mweusi, mwenye madoa meupe mwilini na mapezini, kama jina tulilompa. Wanafunzi wakikagua perege sokoni kila mwezi, wakaandika tarehe, mahali alipovuliwa, urefu na hali ya mkia, na kupiga picha, daftari lao baada ya miaka mitatu litakuwa na manufaa kwa kituo cha TAFIRI. Samaki aliye hai asihamishwe kwa ajili ya somo, hata kwa ndoo.

Kwa mwenye bwawa ambaye tayari ana sato, ushauri ni kuinua kingo juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa kijijini, kuweka wavu wa matundu madogo penye mlango wa maji, na kuvua bwawa lote kabla ya mvua za Machi. Wengine husema kwamba vifaranga wa dume tupu huondoa hatari yote, kwa kuwa hawawezi kuzaana. Ni kweli kwamba hatari hupungua. Lakini njia zinazotumiwa kuwapata hazifiki ukamilifu. Katika vifaranga 1,000, ikiwa majike ni mmoja tu katika kila mia, wako majike 10, na sato jike aliyekomaa hubeba kinywani mayai mia kadhaa kwa mara moja.